Kuandaa barza ya historia Lamu: Mwalimu Adolfas Ramanauskas na vita vya msituni vya Lithuania

Mwongozo huu ni wa walimu wa historia, viongozi wa vikundi vya vijana na yeyote anayetaka kuandaa barza ya saa mbili na robo yenye maonyesho ya ukutani, hapa Amu (Lamu) au Malindi. Mada ni maisha ya mwalimu wa Lithuania, nchi ndogo ya Ulaya kando ya bahari ya Baltiki, aliyeacha chaki akashika bunduki dhidi ya Umoja wa Kisovieti. Vifaa ni rahisi. Kinacholemea ni mpangilio. Barza nyingi za aina hii hufa njiani kwa sababu msemaji huimba sifa za shujaa kuanzia kuzaliwa hadi kuuawa, na kufikia dakika ya ishirini wasikizaji washatoa simu. Panga maisha ya mtu huyu kwa maamuzi aliyolazimika kuyafanya, kila uamuzi na tarehe yake, na watu watabishana wenyewe bila kusukumwa.

Kwanza vifaa. Nunua karatasi za manila 10, za upana wa sentimita 90 na kimo cha 60: nane za kutundika na mbili za kuharibika, maana zitaharibika. Kalamu za wino mzito nne (nyeusi mbili, nyekundu moja, buluu moja). Kamba mita 12. Vibanio vya nguo 32, vinne kwa kila karatasi, viwili juu na viwili chini. Fito nane nyembamba za sentimita 90 za kubania upande wa chini.

Usitegemee selotepu. Kuta za mawe ya matumbawe zilizopakwa chokaa hutoa unga, na hewa ya chumvi huimaliza gundi. Karatasi uliyobandika asubuhi utaiokota alasiri. Misumari nayo usiiguse kwenye jengo la kale, utafukuzwa na ni haki yako. Funga kamba kwenye nguzo au madirisha, tundika karatasi kwa vibanio, na fito za chini zizuie upepo usizipindue. Kama ni msimu wa kusi na mpo uani, funga na pembe za chini kwa uzi. Karatasi nane zenye nafasi ya sentimita 30 baina yake huchukua karibu mita 10. Kamba ya urefu huo italegea katikati na karatasi za kati zitashuka hadi kiunoni mwa watu, kwa hiyo itegemeze mahali pamoja katikati.

Herufi za vichwa ziwe na kimo cha sentimita 5, za maelezo sentimita 2. Usizidishe maneno 60 kwa karatasi. Ukitaka kuandika zaidi, jua unaandika kitabu, na kitabu hakisomwi kwa kusimama.

Mahali panapofaa zaidi Amu ni Ngome, pale Mkunguni. Ilimalizwa kujengwa mwaka 1821, na kuanzia mwanzoni mwa karne ya 20 hadi 1984 ilikuwa gereza kabla ya kuwa jumba la makumbusho. Mkizungumzia seli za KGB, polisi wa siri wa Kisovieti, mko ndani ya kuta zilizofungia watu kweli. Peleka barua ya maombi ofisini mapema, ulizia ada, na ueleze wazi kwamba hamtapigilia wala kubandika kitu ukutani. Ukikosa Ngome, ukumbi wa shule unatosha. Wa Malindi wana faida nyingine: Mekatilili wa Menza na vita vya Wagiriama vya 1913 na 1914 ni habari za nyumbani kwao, na zitawasaidia kwenye maswali.

Anza saa kumi, baada ya Alasiri, mmalize saa kumi na mbili na robo; miezi ambayo Magharibi huadhiniwa kabla ya hapo, anza mapema kidogo. Baada ya Isha watu huja wamechoka, na stima ikikatika karatasi hazionekani. Mkiwa na projekta, ichukulieni kama ziada, barza isimame bila yake.

Ramani

Karatasi ya kwanza ni ramani, na ndiyo itakayokula muda wako mwingi. Lithuania ina kilomita za mraba 65,300, karibu sehemu moja ya tisa ya Kenya. Tumia kipimo cha sentimita 1 kwa kilomita 5. Kwa kuwa nchi ina upana wa kilomita 370 hivi na urefu wa 280 hivi, mchoro utakuwa sentimita 74 kwa 56, na utaingia kwenye karatasi yako. Weka miji hii tu: Vilnius, Kaunas, Klaipėda, Panevėžys, Alytus, Druskininkai, Merkinė, na kijiji cha Minaičiai karibu na Radviliškis. Ukijaza miji thelathini hakuna atakayeona minane inayohitajika. Chora mto Nemunas kwa buluu na upake kusini yote, pande za Alytus, Merkinė na Druskininkai, alama za misonobari. Huo ndio ukanda wa Dainava, na mapigano mengi ya Ramanauskas yalikuwa humo.

Matamshi yafanyie mazoezi kabla: š ni kama sh, č ni kama ch, j ni kama y, na ž ni z nzito inayoegemea sh. Msemaji anayegugumia kwenye kila jina huwaambia watu kwamba hajui anachosema. Unapotafuta habari mtandaoni, kumbuka majina ya Kilithuania hubadilika mwisho: utalikuta Ramanauskas, na Ramanausko ni mtu huyo huyo. Mke hubeba Ramanauskienė na binti Ramanauskaitė.

Mwalimu

Karatasi ya pili iwe na mambo machache. Alizaliwa tarehe 6 Machi 1918 huko New Britain, Connecticut, Marekani, kwa wazazi wahamiaji. Familia ilirudi Lithuania mwaka 1921. Alisomea ualimu Klaipėda. Mwaka 1939 Ujerumani ikaitwaa Klaipėda na chuo kikahamishiwa Panevėžys, akamalizia huko. Halafu akaenda shule ya kijeshi ya Kaunas na kutoka na cheo cha luteni wa akiba mwaka 1940. Akafundisha, kwanza kijijini pande za Druskininkai, kisha chuo cha walimu cha Alytus, ambako masomo yake yalikuwa Kilithuania, hesabu na mazoezi ya viungo.

Chini yake weka tarehe tatu kwa wino mwekundu, kwa sababu bila hizo hadithi haieleweki. Tarehe 15 Juni 1940 jeshi la Kisovieti liliingia Lithuania. Tarehe 22 Juni 1941 Ujerumani ikaushambulia Umoja wa Kisovieti na kuiteka Lithuania. Katika kiangazi cha 1944 Wasovieti wakarudi. Wenyeji waliwapata wakoloni watatu ndani ya miaka minne, na wawili kati yao ni yule yule. Wasovieti waliporudi waliwaandikisha vijana jeshini kwa nguvu, na kwa wengi amri hiyo ndiyo iliyowatia msituni.

Uamuzi wa kwanza wa kuuliza watu: wewe ni mwalimu, una mshahara, una wanafunzi, na polisi wa siri wanaanza kukuulizia. Utafanya nini? Wape dakika tano wazungumze na jirani aliyekaa naye, kisha useme alichofanya yeye. Tarehe 25 Aprili 1945 aliondoka kuingia msituni. Ujerumani ilisalimu amri wiki mbili baadaye, kwa hivyo dunia ilipokuwa ikishangilia mwisho wa vita, kwake ndiyo kwanza vinaanza. Jina lake la msituni lilikuwa Vanagas, yaani mwewe. Oktoba mwaka huo alimuoa Birutė Mažeikaitė, aliyekuwa mwanafunzi wa chuo kile cha Alytus.

Handaki

Hapa ndipo barza huamka, kwa hivyo usipite mbio. Wapiganaji waliishi kwenye mahandaki yaliyochimbwa msituni au chini ya majengo ya wakulima waliowaunga mkono. Chora sakafuni kwa chaki mstatili wa mita 2 kwa 3. Waite vijana sita wakae ndani na mizigo yao kwa dakika kumi bila kunyoosha mguu nje ya mstari. Funga kamba juu yao kwa kimo cha mita moja na nusu ili wasiweze kusimama wima. Huo ni mfano wa kufundishia tu, mahandaki yenyewe yalitofautiana.

Wakiwa wamekaa, waulize udongo umekwenda wapi. Mita 2 mara 3 mara 1.5 ni mita 9 za ujazo, yaani ndoo 450 za lita 20. Udongo ukichimbuliwa huvimba, kwa hivyo hesabu ndoo 550 na ushei. Zote zitolewe usiku na kufichwa, kwa kuwa rundo la udongo mbichi ni sawa na kibao cha kuelekeza polisi. Waamu wanaojua kazi ya kubeba mchanga kwa punda huelewa hapo hapo, wala huhitaji kueleza zaidi.

Kisha hewa. Tundu la hewa likiwa dogo watu hukosa pumzi, likiwa kubwa mvuke wa pumzi hutoka na kuonekana kwenye baridi, na mbwa hunusa. Kisha theluji. Hili ndilo Mpwani hawezi kulikisia: kwenye theluji kila hatua huacha alama mpaka inyeshe nyingine au iyeyuke, kwa hivyo majira ya baridi watu walijifungia chini wiki baada ya wiki. Majira ya joto nayo yana balaa lake. Huku kwetu usiku ni saa kumi na mbili mwaka mzima, lakini Juni kule mchana huchukua saa kama 17. Mtu anayetembea gizani tu ana saa chache mno za kufika anakokwenda na kujificha tena. Andika hesabu hiyo ubaoni. Msikizaji aliyedhani “kutembea usiku” ni jambo jepesi atabadili mawazo.

Taja pia wasiokuwa na bunduki: wakulima waliowalisha, wasichana waliobeba barua, watu waliowapa nguo kavu. Inakadiriwa watu wapatao 50,000 walipitia vita hivi kati ya 1944 na 1953, na zaidi ya 20,000 waliuawa. Serikali ilijibu pia kwa kuhamisha familia nzima nzima hadi Siberia. Operesheni ya Mei 1948 peke yake ilichukua watu kama 40,000. Maiti za wapiganaji zilitupwa viwanja vya sokoni, na maaskari walisimama wakiangalia nani atalia. Mama aliyemtambua mwanawe alilazimika kupita kana kwamba hamjui. Sema hilo mara moja, polepole, na uendelee. Usilitie madoido.

Kupanda kwake cheo kunatosha mistari minne: aliongoza shambulio la mji mdogo wa Merkinė Desemba 1945, akawa kamanda wa wilaya ya Dainava mwaka 1947, kamanda wa kanda ya Lithuania Kusini mwaka 1948, na mwaka 1949 mkuu wa majeshi yote ya ulinzi ya msituni.

Februari 1949

Karatasi ya nne ichore njia moja tu kwenye ramani ndogo: kusini hadi Minaičiai. Viongozi wa kanda zote walikutana huko kati ya tarehe 2 na 22 Februari, katikati ya baridi. Kutoka misitu ya kusini ni zaidi ya kilomita 120 kwa mstari ulionyooka. Waambie watu ni kama kutoka Malindi hadi Lamu, kwa siri, juu ya theluji, kwenye nchi iliyojaa vizuizi vya askari. Tarehe 16 Februari, siku ambayo Lithuania ilijitangazia uhuru mwaka 1918, watu wanane walitia saini tangazo kwamba baraza lao ndilo mamlaka halali ya nchi wakati wa vita, na kwamba Lithuania itakuwa jamhuri ya kidemokrasia. Mwenyekiti alikuwa Jonas Žemaitis, na Ramanauskas akawa mmoja wa manaibu wake. Mwaka 1999 bunge la Lithuania huru lililipa tangazo hilo nguvu ya sheria.

Swali la kuuliza hapa: kwa nini watu wanaowindwa wahatarishe roho zao kwa ajili ya karatasi? Jibu la haraka la vijana huwa “ili wajulikane”. Wasukume zaidi. Kundi lisilo na amri moja, sheria moja na jina moja ni rahisi kuitwa majambazi, na Wasovieti waliwaita hivyo hasa.

Kukamatwa

Mwaka 1952 au karibu yake mapigano ya wazi yalikuwa hayana matumaini tena. Ramanauskas na Birutė walitoka msituni wakaishi kwa vitambulisho vya bandia, na yeye akaandika kumbukumbu zake, zikafichwa na watu waaminifu. Žemaitis alikamatwa 1953 na kuuawa Moscow 1954. Tarehe 12 Oktoba 1956, huko Kaunas, Ramanauskas na mkewe wakakamatwa baada ya kusalitiwa na mtu aliyemfahamu. Siku ile ile alifikishwa hospitali ya gereza akiwa hajitambui, na majeraha ya kutisha. Alipigwa risasi Vilnius tarehe 29 Novemba 1957. Birutė alihukumiwa miaka 8 kambini. Binti yao Auksutė, aliyezaliwa 1948, alibaki nyuma.

Ripoti ya hospitali inaeleza majeraha hayo kwa undani. Kama kuna watoto, usiisome. Kama ni watu wazima peke yao, sema tu kwamba ipo. Wapo wasemaji wanaodhani damu ndiyo huvuta watu. Huwavuta kweli, halafu hawakumbuki kitu kingine chochote.

Karatasi mbili zinazoleta ubishi

Ya kwanza ni ya Oktoba 1956. Gawanya karatasi katikati kwa mstari. Kushoto: Ramanauskas, kukamatwa tarehe 12 Oktoba 1956, kuuawa 29 Novemba 1957. Kulia: Dedan Kimathi, kukamatwa tarehe 21 Oktoba 1956, kunyongwa Kamiti 18 Februari 1957. Siku tisa baina ya kukamatwa kwao. Wote wawili waliwahi kufundisha shule. Wote walizikwa mahali pa siri. Mabaki ya Ramanauskas yalipatikana Vilnius mwaka 2018 na akazikwa kwa heshima za kitaifa makaburi ya Antakalnis tarehe 6 Oktoba. Kaburi la Kimathi limetafutwa Kamiti kwa miaka mingi. Kabla hujaendelea, onyesha mkono kuelekea Manda, ng'ambo ya mkondo. Katika miaka ya 1950 Waingereza walikuwa na kambi pale ya kuwaweka kizuizini waliotuhumiwa kwa Mau Mau. Wazee wa Amu wataongezea wenyewe, wape nafasi.

Usidai kwamba vita vile viwili vilikuwa kitu kimoja. Mau Mau walipigania ardhi iliyotwaliwa na walowezi, Walithuania walipigania dola iliyokuwa imetambuliwa na dunia na kumezwa. Na elewa kejeli iliyomo: Uingereza iliyomnyonga Kimathi ndiyo hiyo hiyo iliyokuwa ikishusha majasusi kwa boti kwenye pwani za Baltiki kusaidia upinzani dhidi ya Moscow, na wengi wakaishia mikononi mwa KGB, iliyokuwa imeshapenyeza watu wake.

Jiandae kwa swali hili, maana haliachi kuja: “Lakini Warusi si ndio waliotusaidia Waafrika?” Usilikwepe wala usimkemee muulizaji. Jibu kwa tarehe. Moscow ilisomesha vijana wa Kiafrika, na Chuo Kikuu cha Patrice Lumumba kilifunguliwa 1960. Moscow hiyo hiyo ilikuwa imemaliza tu kuwasafirisha Walithuania kwa mabehewa ya mizigo. Mambo yote mawili ni kweli, na mtu mzima anaweza kuyabeba kwa pamoja.

Karatasi ya pili ya ubishi ni ya 1941, na ukiiacha barza yako ni propaganda. Chini ya ukaliaji wa Wajerumani, zaidi ya Wayahudi 9 katika kila 10 wa Lithuania waliuawa, na Walithuania wengine walishiriki. Ramanauskas alikuwa kiongozi wa kikosi cha wenyeji pande za Druskininkai mwezi Juni 1941. Mpango wa kumwekea mnara Marekani ulipotangazwa, Kituo cha Simon Wiesenthal, shirika la Kiyahudi linalofuatilia wahalifu wa Kinazi, kilipinga kwa sababu hiyo. Kituo cha serikali ya Lithuania kinachotafiti kipindi hicho kikasema hakuna ushahidi kwamba alishiriki mauaji. Andika pande zote mbili kwa herufi za ukubwa mmoja. Ongeza kwamba wapiganaji wa msituni kwa jumla waliwaua pia raia waliowatuhumu kuwa vibaraka, na si wote walikuwa na hatia. Kuna atakayesema unamchafua shujaa, na kuna atakayesema unamsafisha muuaji. Wakisema yote mawili katika barza moja, mizani imekaa sawa.

Karatasi ya mwisho ni ya sheria, na inawafaa wanafunzi wa sekondari. Mwaka 2019 Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu, katika kesi ya Drėlingas dhidi ya Lithuania, haikuona kosa katika kumhukumu aliyekuwa ofisa wa KGB aliyeshiriki kumkamata Ramanauskas na mkewe. Mahakama za Lithuania zilikuwa zimemtia hatiani kwa kusaidia mauaji ya kimbari, kwa hoja kwamba wapiganaji walikuwa sehemu muhimu ya taifa. Waache wanafunzi wajadili kama hoja hiyo inasimama. Majaji wenyewe hawakukubaliana wote.

Gawa muda hivi: ramani dakika 15, mwalimu 15, handaki 30, Februari 1949 dakika 15, kukamatwa 10, karatasi za ubishi 40. Zinazobaki ni za kahawa na kuchelewa, na Amu kuchelewa kupo. Ukiona muda unakimbia, punguza Februari 1949, usiguse handaki wala ubishi.

Mkimaliza, msikunje karatasi. Mkunjo hupasuka wino ukikauka na karatasi ikinywa unyevu. Ziviringisheni zote nane kama mkeka, pamoja, wino ukiwa ndani, mzitie kwenye bomba la plastiki la inchi 4 lenye urefu wa mita moja, mzibe ncha zote mbili kwa vifuniko vyake. Fito zifungwe pembeni kwa kamba ile ile ya kutundikia. Liwekeni mahali pa juu, si sakafuni: mchwa hupanda kutoka chini, na bomba lenye kifuniko kilicholegea ni handaki zuri kwao.